Shajara ya mradi: Risasi Sita

Siku ya 1

Kwa majuma matatu sasa nacheza Shotgun King. Kila usiku najiambia raundi moja tu, na kila usiku najidanganya. Ni mchezo mdogo wa kompyuta uliotoka 2022 kwa watengenezaji wa Ufaransa wanaojiita PUNKCAKE Délicieux: mfalme mweusi wa sataranji kaachwa na jeshi lake lote, kabaki na bunduki ya marisau. Yeye anasogea mraba mmoja au anapiga, halafu weupe nao wanasogea. Mchezo wa kupiga risasi usiohitaji vidole vya haraka. Mimi, ambaye kwenye michezo ya kukimbia na kufyatua huwa maiti kabla sijajua nimepigwa kutoka wapi, hapo nimepata mahali pangu.

Leo nimefungua folda mpya kwenye kompyuta nikaiita Risasi Sita. Nataka kutengeneza wangu. Ubao wa vigae 9 kwa 9, mtu mmoja mwenye bastola ya silinda, na wadudu. Kila zamu unafanya jambo moja tu: unasogea kigae kimoja, au unapiga, au unapakia risasi moja. Ukishafanya, wadudu wote wanacheza zamu yao. Ukifa umekufa, unaanza upya na ramani nyingine.

Nimejipa siku saba za toleo la kwanza. Namba hiyo nimeiazima: tangu 2005 kuna shindano la kila mwaka liitwalo 7DRL, ambamo watu hutengeneza kwa saa 168 mchezo mzima wa ukoo huu, uitwao roguelike: ramani mpya kila raundi, na ukifa umekufa. Saa 168 za mtu mwenye ajira ya mchana ni saa tatu za jioni mara saba, lakini hesabu hiyo nimeifanya baada ya kutangaza nyumbani.

Siku ya 2

Ramani. Rogue ya 1980, babu wa michezo hii yote, iligawa skrini katika gridi ya tatu kwa tatu, ikaweka vyumba humo na kuviunganisha kwa njia. Ubao wangu hautoshi hata chumba kimoja cha maana, kwa hiyo namwaga nguzo 8 hadi 14 mahali popote, kisha programu inaanza kwenye kigae cha mchezaji na kuhesabu vigae vyote inavyoweza kufikia kwa miguu. Kama kuna kigae wazi kisichofikika, ramani nzima inatupwa na kumwagwa nyingine. Ni ujinga, lakini ni ujinga unaochukua muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Mchezaji anatembea. Anagonga nguzo, hapiti. Nimefurahi kupita kiasi.

Siku ya 3 na 4

Maadui. Nilianza na mende, anayekuja moja kwa moja na kufa kwa risasi moja. Kisha nyigu, anayesogea vigae viwili kwa zamu lakini lazima apumzike zamu inayofuata. Kisha nge, ambaye haji kabisa. Anajipanga mahali penye mstari wazi hadi kwako na kurusha sumu. Kisha kobe. Najua kobe si mdudu. Lakini nilihitaji kiumbe ambaye risasi ya mbele haimfanyi kitu, umzunguke umpige kwa nyuma, na hakuna mdudu aliyenijia akilini aliyevaa ngao wazi hivyo. Kobe kabaki.

Jambo la kushangaza ni kwamba mende peke yake hana maana, na nge peke yake hana maana, ila ukiwaweka pamoja unaanza kutokwa jasho. Mende anakufukuza kutoka kwenye kona yako salama, nawe ukitoka unaingia kwenye mstari wa nge. Sikuandika msimbo wowote wa kuwafanya washirikiane. Kila mmoja anafuata kanuni yake ya mistari kumi, na ubao mdogo unafanya yaliyobaki.

Kwenye kupiga nimeweka asilimia. Kigae kimoja mbali, unapata kwa 95. Kila kigae kinachoongezeka kinapunguza 5. Ndivyo ifanyavyo michezo mingi ya mbinu, sikuwaza mara mbili.

Siku ya 5

Nimempa mdogo wangu acheze. Sikumweleza chochote, nimekaa nyuma yake na daftari, nimefunga mdomo. Kufunga mdomo ndiyo kazi ngumu kuliko zote za mradi huu.

Raundi ya kwanza alikufa kwa sababu hakujua kwamba kupakia kunakula zamu. Haki yake, nimeandika: onyesha hilo. Raundi ya pili alicheza vizuri mno. Alimvuta mende hadi kwenye nguzo, akasubiri nyigu apumzike, akamuua, akarudi hatua moja. Amebakiwa na mende mmoja, vigae vitatu mbali, shabaha 85. Akapiga, akakosa. Mende akasogea. Shabaha 90, akapiga, akakosa. Mende akasogea, akawa amesimama mbele yake uso kwa uso. Shabaha 95.

Akakosa.

Akageuka kunitazama. "Kaka, hii bastola yako imelogwa?"

Nikaanza kumweleza kwamba 95 si 100, kwamba ni bahati mbaya tu, kwamba 15 mara 10 mara 5 kwa mia ni chini ya moja kwa elfu. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema maneno ambayo nimeyaandika kama yalivyo: "Sasa mimi nilikosea wapi?"

Sikuwa na jibu. Hakukosea popote. Zamu zote tatu alifanya ambalo hata mimi ningefanya, na mchezo ukamuua.

Siku ya 6

Sijaandika msimbo leo. Nimekaa na kalamu.

Kwanza nilitaka kujua kama tukio la jana ni la nadra kiasi cha kupuuzwa. Lile lenyewe ndiyo, ni nadra. Lakini chukua jepesi zaidi: shabaha ya 90 kila mara, na raundi moja yenye risasi 40. Uwezekano wa kukosa mara mbili mfululizo mahali fulani humo ndani ni karibu raundi 3 kati ya kila 10. Yaani kama watu kumi wanacheza, watatu watasema bastola imelogwa, na wote watatu watakuwa wamecheza vizuri.

Watengenezaji wakubwa wanajua tatizo hili. Mfululizo wa michezo ya mbinu wa Fire Emblem, tangu toleo lake la 2002, ulikuwa na hila tamu: mchezo unakuonyesha asilimia moja, lakini kimyakimya unachukua namba nasibu mbili na kutumia wastani wake. Nimepiga hesabu kwenye karatasi. Ukiona 90, ukweli ni 98.1. Ukiona 10, ukweli ni 2.1. Mchezo unadanganya kuelekea vile mwanadamu anavyohisi asilimia, maana sisi tukiona 90 tunasoma "hakika".

Nilikaribia kuiiga. Ni mstari mmoja tu wa msimbo. Lakini ingepunguza malalamiko bila kujibu swali la mdogo wangu. Yule mmoja atakayekosa atakuwa bado hajakosea popote.

Kisha nikamrudia Shotgun King, nikajiuliza kwa nini kule sijawahi kulalamika, ilhali marisau hutawanyika ovyo. Sehemu ya jibu ni kwamba mchezo unakuonyesha upana wa mtawanyiko kabla hujapiga. Nikakumbuka pia Into the Breach ya 2018, ubao wa 8 kwa 8, ambapo maadui wanatangaza watapiga wapi kabla hujacheza zamu yako. Bahati imo tele: nani atatokea, wapi, atachagua shambulio gani. Lakini yote hiyo imeshatokea unapoanza kufikiri. Ukishaamua, unalolifanya linatokea kama ulivyoamua.

Hapo nimeandika kwa herufi kubwa juu ya ukurasa: BAHATI IJE KABLA YA UAMUZI, ISIJE BAADA. Kisha nikafuta asilimia zote.

Siku ya 7

Saba zimeisha, mchezo haujaisha. Nimewaambia nyumbani kwamba hili lilikuwa toleo la majaribio. Hakuna aliyeuliza.

Siku ya 9

Silinda! Nimeshangaa haikunijia mapema, na jina la mchezo lilikuwa linanitazama.

Sasa kila risasi inapata, ukiwa na mstari wazi. Kinachobahatisha ni risasi zenyewe. Una mfuko wenye risasi kumi na mbili za aina mbalimbali: za kawaida, za kutoboa zinazopita adui wa kwanza na kumfikia wa pili, za kusukuma zinazomrudisha adui vigae viwili bila kumwua, na mbili mbovu zinazofanya "tik" na kupoteza zamu yako. Unapopakia, mkono unatoa risasi mfukoni bila kuangalia. Lakini ikishaingia kwenye silinda unaiona. Chini ya skrini kuna duara sita, na inayofuata inang'aa.

Kwa hiyo ukiona inayofuata ni mbovu na mende yuko kigae kimoja, hilo si la kulaani. Ulijua. Ungepiga hiyo mbovu zamu mbili zilizopita, wakati mende yuko mbali, ili uifukuze kwenye silinda. Jioni nzima nimecheza, na mara ya kwanza nilipopiga risasi mbovu kwa makusudi, hewani, kuelekea ukutani, nilicheka peke yangu. Huo mchezo sikuwa nao juzi.

Siku ya 10

Sherehe imekatizwa. Nilihisi risasi za kusukuma zinakuja mwanzoni mara nyingi mno, nikaandika programu ndogo ya kuchanganya mfuko mara milioni moja na kuhesabu. Kweli, haziko sawa.

Kosa ni langu na ni la kizamani. Nilikuwa nachanganya kama mtu asiyejua kuchanga karata: napita kila risasi na kuibadilisha nafasi na nyingine yoyote mfukoni. Inaonekana haki. Sasa tazama kwa risasi sita tu, maana kwa kumi na mbili hesabu ni ndefu. Njia yangu ina matokeo 6 kwa kipeo cha 6, yaani 46,656, yote yenye uzito sawa. Mipangilio ya risasi sita tofauti ni 720. Gawanya 46,656 kwa 720 unapata 64.8. Haigawanyiki, kwa hiyo lazima mipangilio mingine ipate zaidi ya mingine, utake usitake.

Dawa imekuwapo muda mrefu. Wanatakwimu Fisher na Yates waliiandika 1938 kwa ajili ya kalamu na karatasi, Durstenfeld akaipa umbo la kompyuta 1964. Anza na ya mwisho, ibadilishe na yoyote kati ya zilizobaki pamoja na yenyewe, kisha iache, usiiguse tena, rudi nyuma moja. Sita mara tano mara nne mara tatu mara mbili: 720 kamili. Mabadiliko kwenye msimbo wangu yalikuwa neno moja. Jaribio la mara milioni moja sasa limetulia.

Siku ya 12

Mdogo wangu tena. Safari hii alikufa kwa nge ambaye, kwa maneno yake, "ananiona nami simwoni".

Nilimbishia. Nikasema haiwezekani, ni mstari uleule. Akaniita, akarudisha zamu moja, akanionyesha. Kweli. Yeye akilenga, mchezo unasema nguzo imeziba. Nge akirusha, sumu inapita.

Mstari wa kuona nauchora kwa njia ya Bresenham, aliyeibuni 1962 akiwa IBM kwa ajili ya mashine ya kuchora kwa kalamu. Ni ya haraka na haihitaji desimali. Lakini tazama: mchezaji yuko safu ya wima 0, mstari wa mlalo 0. Nge yuko safu 2, mstari 1. Njiani kuna kigae kimoja tu cha kuchagua, safu ya 1, na mstari halisi unapita nusu kwa nusu kati ya mstari 0 na mstari 1. Msimbo wangu, ukikuta nusu, unabaki kwenye mstari ulioanzia. Mchezaji akichora kutoka kwake, njia inapita mstari 0. Nge akichora kutoka kwake, njia inapita mstari 1. Nguzo ikiwa mstari 0, yeye amezibwa na nge hajazibwa.

Kwa mashine ya kuchora hilo halina madhara, wino ni wino. Kwa mtu anayepigwa risasi ni dhuluma. Nimeamua: nachora mara mbili, kwenda na kurudi, na njia moja tu ikiwa wazi, basi wote wawili wanaonana. Ningeweza kuamua kinyume chake, kwamba zote mbili lazima ziwe wazi, lakini hapo nguzo zilikuwa zinaficha watu kupita kiasi na raundi zikawa za kujificha tu. Napenda mchezo ambamo kujificha kunachosha kidogo.

Kikubwa zaidi: sasa ukishikilia kidole juu ya kigae, mstari unachorwa kwenye skrini kabla hujapiga.

Siku ya 13

Rangi. Mende ni wa kahawia, nge mwekundu, kobe kijani. Sina cha kuongeza.

Siku ya 15

Hitilafu ya ajabu kuliko zote hadi leo, imenila jioni mbili.

Kila raundi ina mbegu, namba moja ambayo kutokana nayo ramani, maadui na mfuko vyote vinazaliwa. Mbegu ileile, raundi ileile. Ni muhimu, maana mdogo wangu akiniambia "nimekufa vibaya", ananipa namba na mimi nacheza alichocheza. Ila juzi alinipa mbegu 4417, na leveli ya pili kwangu ilikuwa na nyigu watatu, kwake hakuna hata mmoja.

Nilikagua ramani. Nilikagua mfuko. Nilikagua hadi nikaanza kuishuku kompyuta. Mwishowe nikagundua kwamba yeye alikuwa amezima moshi.

Moshi! Bastola ikipiga, vipande sita vya moshi vinaruka, kila kimoja na namba mbili za nasibu za mwelekeo wake. Namba hizo nilikuwa nazichota kwenye kisima kilekile kinachozaa maadui. Moshi ukiwaka, kila risasi inachota namba kumi na mbili za ziada, na kila kinachokuja baada yake kinahama. Mtu aliyewasha moshi na aliyezima walikuwa wanacheza dunia mbili.

Sasa kuna visima vitatu tofauti: cha ramani na maadui, cha mfuko, na cha mapambo. Cha mapambo kinaweza kufanya lolote. Vile viwili vingine hali yao inahifadhiwa pamoja na raundi, kwa hiyo hata ukifunga mchezo na kuufungua tena ili ujaribu bahati upya, mkono utatoa risasi ileile. Najua ujanja huo kwa sababu mimi mwenyewe ni bingwa wake.

Siku ya 18

Zawadi za kati ya leveli. Wazo nimelichukua wazi kwa Shotgun King: kule hupewi faida peke yake, kila unachochagua kinakuja na kitu cha kumnufaisha adui. Kwangu baada ya kila leveli unaona jozi mbili. Kwa mfano, "toa risasi moja mbovu mfukoni, lakini nyigu hawapumziki tena" au "silinda inapakia mbili kwa zamu, lakini kila leveli ina kobe mmoja zaidi". Unachukua jozi moja.

Nilikuwa pia nimeweka sarafu za kudumu: unakufa, unarudi na sarafu, unanunua uhai zaidi. Michezo mingi ya aina hii inafanya hivyo, na mara nyingi ndiyo inayoitwa rogulaiti, yaani roguelike nyepesi, kwa sababu kuna kitu kinachobaki baada ya kifo. Nimeondoa uhai. Nilijicheza mwenyewe raundi ishirini na kuona nashinda kwa sababu nimekufa sana, si kwa sababu nimejifunza. Kinachobaki sasa baada ya kifo ni aina mpya za risasi zinazoingia kwenye orodha ya zinazoweza kutokea. Hazikuongezei nguvu, zinakuongezea mambo ya kuwaza. Risasi ya kuruka ukutani tayari imeharibu leveli mbili na nampenda aliyeibuni, ambaye ni mimi.

Siku ya 21

Mdogo wangu kacheza saa mbili bila kuniuliza kitu. Nilikaa nyuma na daftari, ukurasa ukabaki mtupu hadi leveli ya saba.

Alikuwa na kobe wawili na nge mmoja. Silinda: kusukuma, mbovu, kawaida, na matundu matatu matupu. Akamsukuma kobe wa kwanza hadi kwenye mstari wa nge ili amkinge na sumu, jambo ambalo sikujua kwamba linawezekana. Akatulia. Akasogea kushoto. Kobe wa pili akageuka. Akapiga ile mbovu, tik, ili kuifikia ya kawaida, na zamu hiyo moja ndiyo iliyomtosha kobe wa pili kufika.

Akafa.

Nikasubiri bastola ilogwe. Hakusema neno. Akafungua kumbukumbu ya zamu, akarudi nyuma moja, mbili, tatu, nne, akaweka kidole kwenye skrini mahali aliposogea kushoto.

"Hapa nilitakiwa kupakia," akasema, na kabla sijajibu alikuwa ameshabonyeza kuanza upya.

Kesho: sauti ya "tik" iwe ndefu kidogo, na kumbukumbu ya zamu ifunguke yenyewe mtu akifa.